Umbo la Almasi kwa Pete ya Uchumba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayetafuta pete ya uchumba huwa amekwisha kupiga hesabu ya bei, na mara nyingi amekwisha kusikia habari za karati, yaani uzito wa jiwe. Umbo hulikumbuka mwishoni, ilhali ndilo atakaloliona mchumba kila anapoosha uso, anaposhika kikombe, anapoandika. Hakuna mtu anayetazama kidole chake akaona karati. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa mara nyingi zaidi nikiwa mezani pangu na lenzi mkononi, na nimeyajibu kama ninavyowajibu wanaokaa mbele yangu.

Umbo na mkato si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, na kuyachanganya kumewagharimu watu fedha nyingi. Umbo ni mchoro unaouona ukitazama jiwe kutoka juu: duara, yai, mraba, tone. Mkato ni kazi ya fundi: mlalo wa nyuso zake ndogo, kina chake, ulinganifu wa pande zake. Almasi mbili zinaweza kuwa duara zote mbili, uzito mmoja, rangi moja, na bado moja ikawaka kama kaa na nyingine ikapooza kama kipande cha kioo cha dirisha.

Sababu ni hii. Mwanga ulioingia ndani ya almasi, ukigonga ukuta wa jiwe kwa mshazari wa kutosha, hautoki. Unarushwa ndani tena kama uliogonga kioo cha kujitazamia. Fundi mzuri hupanga kuta za chini ili mwanga ugonge upande mmoja, urukie wa pili, kisha urudi juu kwenye jicho lako. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, mtoto wa ukoo wa wakata almasi, alichapisha hesabu za jambo hili kwa umbo la duara, na mpaka leo mafundi huanzia hapo. Jiwe likikosa kina, mwanga unapenya chini na unachokiona katikati ni ngozi ya kidole. Likizidi kina, uzito umejificha tumboni: umelipia karati ambazo hazionekani na mtu.

Basi chagua umbo kwa moyo, lakini mkato uchague kwa macho makali.

Kuna maumbo gani?

Yanayotumika sana kwenye pete za uchumba ni kumi hivi: duara, ovali (umbo la yai), prinsesi (mraba wenye pembe kali), kushoni (mraba uliolainishwa pembe kama mto wa kulalia), emeraldi (mstatili uliokatwa pembe), Asscher (ndugu yake emeraldi aliye mraba), radianti (mstatili uliokatwa pembe lakini unaometa), pea ambalo wengi huliita tone, marikizi lenye ncha mbili kama mtumbwi, na moyo.

Kuliko kukariri majina, jifunze kuzitofautisha koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa kumeta. Nyuso zake ni nyingi na ndogo, za pembetatu na za mfano wa tiara. Duara la kawaida lina nyuso 57, au 58 likihesabiwa lile bapa dogo la chini kabisa. Ukiligeuza jiwe, cheche zinarukaruka. Ukoo wa pili ni wa ngazi: emeraldi na Asscher. Nyuso zake ni ndefu, zimepangwa sambamba kama vidato, na jiwe linapogeuka halitoi cheche bali vibao vipana vya mwanga vinavyofunguka na kufunga, kama mtu anayefungua dirisha na kulifunga tena ndani ya nyumba yenye giza. Mtu anayependa ukoo mmoja mara chache huupenda na wa pili kwa kiasi kilekile. Ukijua mchumba wako yuko upande gani, nusu ya kazi umeimaliza.

Kwa nini duara ni ghali kuliko mengine yenye uzito uleule?

Kwa sababu ya kinachotupwa. Almasi nyingi ghafi hutoka ardhini zikiwa kama piramidi mbili zilizogandishwa kitako kwa kitako. Kupata duara humo ndani kunataka pembe zote zisuguliwe, na mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito huishia kuwa vumbi. Prinsesi hufuata pembe za asili za jiwe, kwa hiyo hupoteza kidogo. Na mahitaji nayo yamo: duara limekuwa likiongoza kwa kununuliwa kwa miongo mingi.

Ukitaka kuona jinsi umbo linavyoweza kula uzito, tazama almasi mashuhuri ya Koh-i-Noor. Mwaka 1852, huko Uingereza, ilikatwa upya ili imete zaidi kwa umbo la yai. Iliingia kwenye gurudumu ikiwa na karati 186 za kipimo cha zamani, ikatoka na karati 105 na ushee.

Duara bado ni chaguo ninalolipendekeza bila wasiwasi kwa asiyejua aanzie wapi. Linasamehe mengi: huficha dosari, huficha umanjano kidogo, halina ncha ya kuvunjika. Ila usilichague kwa sababu tu ulidhani ndilo "almasi halisi".

Mbona karati moja hapa inaonekana kubwa kuliko karati moja pale?

Karati ni uzito, si ukubwa. Karati moja ni gramu 0.2, basi. Uzito huo unaweza kutandazwa au kurundikwa. Duara la karati moja lililokatwa vizuri lina kipenyo cha milimita 6.5 hivi. Ovali ya uzito huo hufika takriban milimita 7.7 kwa 5.7. Marikizi inaweza kufika 10 kwa 5. Prinsesi na Asscher hubaki karibu na 5.5 kila upande, kwa sababu uzito wao mwingi uko chini.

Fanya jaribio hili kabla hujatoa hata senti ya malipo ya awali. Chukua karatasi nyeupe ngumu, chora kwa rula maumbo unayoyafikiria kwa vipimo vyake kamili vya milimita, yakate kwa mkasi mdogo, kisha yaweke moja moja juu ya kidole chenye unene kama wa mchumba wako. Utashangaa. Waliokuja wakisema lazima wapate karati moja na nusu wameondoka na ovali ya karati moja na robo, kwa sababu kile kikaratasi kiliwaonyesha wanachokitafuta kweli. Duka lolote linalouza kwa uaminifu litakupa milimita ukiziomba, nazo huandikwa kwenye cheti.

Ile giza katikati ya ovali ni nini? Jiwe ni bovu?

Hiki ni kivuli chenye mfano wa kipepeo aliyetandaza mbawa, kinachokatiza jiwe kwa upana wake. Hutokea kwenye maumbo marefu: ovali, pea, marikizi, wakati mwingine radianti ndefu. Si uchafu na si ufa. Nyuso za katikati zimelala kwa namna ambayo, badala ya kurudisha mwanga wa chumba, zinarudisha kivuli cha kichwa chako wewe unayetazama.

Karibu kila ovali ina kiasi cha kivuli hiki, na kikiwa chepesi kinalipatia jiwe uhai, maana jiwe lisilo na giza hata kidogo nalo huonekana limepooza. Kibaya ni kile kisichoondoka. Shika pete, ipeleke mbali kwa urefu wa mkono, ipindue polepole kulia na kushoto. Kipepeo akiwa anafifia na kurudi, jiwe ni zuri. Akikaa palepale mweusi kila upande unaopindua, liache. Hakuna cheti kitakachokuandikia habari hii. Ni macho yako, au video ambayo muuzaji ameichukua kwenye mwanga wa kawaida, si chini ya taa kumi za dukani.

Nimeambiwa emeraldi inataka jiwe safi zaidi. Ni kweli au wananiuzia?

Ni kweli. Kwenye duara, alama ndogo ya ndani hupotea katikati ya cheche. Kwenye emeraldi, uso wa juu ni bapa pana, na unatazama ndani kama unavyotazama maji yaliyotulia kwenye beseni. Kidoa cheusi kilichokaa chini ya bapa hilo utakiona leo, utakiona kesho, na baada ya hapo hutaweza kutokukiona.

Kwa hiyo kwenye emeraldi na Asscher napendelea usafi usioshuka chini ya daraja la VS2 (dosari ndogo sana, ngumu kuona hata kwa lenzi), ilhali kwa duara nimewahi kuwapa watu SI1 (daraja linalofuata chini yake, dosari huonekana kwa lenzi) safi kwa macho na hawakujuta. Lakini tazama pia mahali dosari ilipo. Ikiwa pembeni, ukucha wa pete, kile kijino cha dhahabu kinacholishika jiwe, unaweza kuifunika. Fidia yake ni kwamba bei ya emeraldi kwa karati huwa chini ya duara, hivyo unaweza kuhamishia fedha hiyo kwenye usafi.

Jina lenyewe limetokana na zumaridi, jiwe ambalo hubeba nyufa nyingi za asili. Mafundi walilikata kwa vidato na kulipunguza pembe ili lisivunjike mikononi mwao. Asscher ni kazi ya Joseph Asscher wa Amsterdam, mwaka 1902. Ukilitazama jiwe lake kutoka juu unaona miraba ndani ya miraba ikizama, kama kisima kilichojengwa kwa ngazi. Kwa maoni yangu hakuna umbo linalostahili kutazamwa kwa utulivu kuliko hili, na linasahaulika sana.

Almasi si ngumu kuliko vitu vyote? Pembe zinawezaje kuvunjika?

Ugumu ni uwezo wa kutokukwaruzwa, na hapo almasi haina mpinzani kati ya vito: iko kwenye 10 ya kipimo cha Mohs. Kuhimili kishindo ni jambo jingine. Almasi ina mapito yake ya ndani ambayo kwayo hupasuka kwa urahisi ikipigwa sehemu nyembamba, na ndiyo mapito ambayo wakata almasi wa kale waliyatumia kuipasua kwa pigo moja la patasi.

Mteja mmoja aliniletea pete ya prinsesi iliyotengenezwa kwingine. Aliyeitengeneza alikuwa ameweka makucha manne katikati ya pande, pembe zikabaki wazi. Mvaaji aligonga mkono kwenye fremu ya mlango wa gari, akaendelea na safari yake. Siku mbili baadaye alihisi uzi wa sweta ukinasa. Chini ya lenzi, pembe moja ilikuwa imebanduka kipande kisichozidi ncha ya sindano, chenye ukingo mweupe kama chumvi. Kipande hicho hakirudi. Njia iliyobaki ilikuwa kulisugua jiwe lote upya lipungue, au kuifunika pembe kwa dhahabu. Tukaifunika.

Prinsesi, pea, marikizi na moyo ziwekewe makucha yenye umbo la V yanayozikumbatia ncha, au jiwe lote lizungushiwe ukingo wa dhahabu. Kwa anayefanya kazi ya mikono, muuguzi anayevaa na kuvua glavu mara ishirini kwa siku, mpishi, fundi, mwalimu wa michezo, naona afadhali duara, ovali au kushoni, na jiwe likae chini karibu na kidole. Radianti nayo ni njia nzuri ya kati: Henry Grossbard aliibuni mwaka 1977 ili mtu apate mmeto wa duara kwenye mstatili, na pembe zake zimekatwa, kwa hiyo haziko hatarini kama za prinsesi.

Vidole vyake ni vifupi. Kuna umbo la kukwepa?

Maumbo marefu yakilazwa kwa kufuata kidole hukirefusha machoni: ovali, pea, marikizi, emeraldi. Hilo ni kweli. Zaidi ya hapo sikubaliani na kanuni zinazotolewa. Upana wa pete yenyewe hubadilisha sura ya mkono sawa na jiwe. Pete nyembamba ya milimita 1.8 hulikuza jiwe, nene hulimeza. Na mtu anayependa Asscher hatafurahi kupewa ovali eti kwa sababu ya vidole vyake.

Urefu ukilinganishwa na upana uwe kiasi gani?

Gawanya urefu kwa upana. Ovali nyingi zinazopendeza ziko kati ya 1.35 na 1.50; emeraldi 1.40 hadi 1.50, pea 1.50 hadi 1.70, marikizi karibu na 2. Kushoni au prinsesi ikivuka 1.05 jicho linaanza kuona kwamba si mraba kamili. Hizi si sheria. Lakini ukilinganisha mawe kwenye picha, namba hii hukuokoa na udanganyifu wa kamera.

Rangi ya jiwe inaathiriwa na umbo?

Sana. Madaraja ya rangi huanza D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z. Duara hurudisha mwanga mwingi mweupe, hivyo hata H au I huonekana jeupe. Ovali, pea na marikizi hukusanya umanjano kwenye ncha: jiwe lina rangi moja, lakini kwenye ncha inaonekana imekolea, kama chai iliyotuama chini ya kikombe. Radianti na kushoni hushikilia rangi mwili mzima, ndiyo maana almasi za manjano au waridi hukatwa hivyo kwa makusudi, rangi izidi kukolea.

Ikiwa pete ni ya dhahabu ya manjano, usilipie D. Dhahabu inaakisi ndani ya jiwe na unafuu wa bei wa G au H ni fedha mfukoni. Kwenye platinamu au dhahabu nyeupe, kwa maumbo yenye ncha, panda daraja moja au mawili.

Cheti kinasema kiwango cha juu kabisa. Kinanitosha?

Soma kimeandikwa kando ya neno gani. GIA, taasisi ya Marekani inayotegemewa sana kwa vyeti, ilianza kutoa daraja la mkato mwaka 2006, na ilianza na duara pekee. Kwenye cheti cha ovali au emeraldi mara nyingi utakuta daraja la ung'arishaji wa nyuso na daraja la ulinganifu, basi. Mteja anaona sifa mbili za juu, anadhani mkato umesifiwa. Haujasemwa lolote. Jiwe linaweza kung'arishwa vizuri na kulingana pande zote huku likivujisha mwanga wote chini.

Kwa hiyo ukinunua umbo lolote lisilo duara kwa kutegemea cheti peke yake, umenunua bila kuona. Omba video, omba kulitazama, omba haki ya kurudisha iandikwe.

Almasi ya maabara inabadilisha chochote kwenye kuchagua umbo?

Kikemia na kwa mwanga ni almasi ileile, kaboni ileile, na kila nilichoandika kuhusu kivuli, ncha na usafi kinabaki. Kinachobadilika ni hesabu: jiwe ghafi halina thamani kubwa kiasi hicho, kwa hiyo pengo la bei kati ya duara na maumbo mengine hupungua. Ukichagua ya maabara, usichukue prinsesi kwa ajili ya unafuu tu.

Na umbo la moyo?

Lisiwe chini ya karati moja, au tuseme milimita 6.5, vinginevyo makucha hulifunika na halionekani moyo tena. Angalia ule mpasuo wa juu: uwe mkali na mabega yalingane.

Nitajuaje anachokipenda bila kumuuliza?

Tazama vitu anavyovichagua mwenyewe. Saa yake ni ya duara au ya mraba? Hereni zake zinaning'inia kama matone au ni vibao vilivyonyooka? Anapenda kitu kinachometameta au anapenda mistari safi? Rafiki yake wa karibu au dada yake huenda alishaonyeshwa picha zamani. Ukibaki na shaka, mwulize. Siri ya posa ni siku na maneno. Umbo la jiwe halihitaji kuwa siri, na wachumba wengi waliokuja pamoja mezani pangu wameondoka na pete inayowafaa kuliko waliobahatisha.

Pete ya ndoa itakaa vizuri kando yake?

Fikiria mapema. Pea, marikizi na ovali kubwa iliyowekwa chini huisukuma pete ya pili na kuacha mwanya. Jiwe likiinuliwa kidogo, au pete ya pili ikipindwa kufuata mzunguko wake, tatizo linakwisha. Leta pete zote mbili pamoja kabla ya kufunga oda.

Nimebaki na mawe mawili na siwezi kuamua. Nifanyeje?

Yaombe yote mawili yatoke chini ya taa za dukani, maana taa zile hupamba kila kitu. Yapeleke dirishani kwenye mwanga wa mchana. Kisha yaingize kivulini, hata chini ya meza, kwa sababu pete huishi muda mrefu zaidi kwenye vyumba vya kawaida kuliko chini ya taa kali; jiwe lililokatwa vizuri huendelea kuwaka humo, na lililokatwa ovyo huzimika. Yapake mafuta kidogo ya ngozi kwa kidole, kama yatakavyokuwa baada ya wiki ya kuvaliwa, utazame tena. Halafu mpe pete mtu mwingine aivae, akae upande wa pili wa meza akizungumza nawe huku mikono yake ikicheza, uone ni lipi kati ya mawili linaloyavuta macho yako bila kulitafuta.